BANDU BANDU HUISHA GOGO: TUZIHESABU NAULI ZETU RAMADHANI HII



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyetujaalia uhai na siha tukaufikia mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Amma baad.

Ndugu yangu katika Uislamu, na wewe dada yangu, maneno haya niliyasema katika darsa ya vijana baada ya swala ya Alasiri, nikaombwa niyaandike ili na wewe ambaye hukuhudhuria uyapate. Nilipotaja kwamba mada yangu ni nauli, kuna waliocheka. Mmoja akasema, "Ustadh, Ramadhani yabisha hodi na wewe watuletea habari za matatu?" Nikamwambia angoja kidogo, kisha nikamuuliza swali ambalo nakuuliza na wewe sasa: mwezi uliopita ulitumia pesa ngapi kwa nauli? Usikisie. Nipe hesabu yake.

Katika darsa nzima hapakuwa na aliyejibu. Kodi ya nyumba tunaijua, bei ya unga tunaijua, hata bando la simu tunajua limebaki kiasi gani. Lakini nauli hutoka hamsini hamsini, sabini sabini, na kwa kuwa hutoka kidogo kidogo, hatuioni. Wazee wetu walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo ni mshahara wako, na shoka unalo mwenyewe mkononi.

Nitaanza na nafsi yangu, maana si vizuri kumnyooshea mwenzako kidole. Kuna wakati nilikuwa nikiuza dukani mjini Mombasa, nakaa ndani kabisa Kisauni. Mshahara ulikuwa shilingi 18,000. Asubuhi napanda bodaboda kutoka nyumbani mpaka stegi, shilingi 50. Kutoka stegi mpaka mjini kwa matatu, 70. Nikishuka, jua lishapanda na mimi nishachelewa, basi natwaa tuktuk mpaka mlangoni pa duka, 50 nyingine. Hiyo ni 170 kwenda. Jioni ni 170 kurudi. Jumla 340 kwa siku, na siku za kazi zilikuwa 26 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe: ni shilingi 8,840. Karibu nusu ya jasho langu nililiacha barabarani, na mimi najiona kijana mpole asiyevuta sigara wala kutafuna miraa.

Siku moja mama aliniomba shilingi 1,500 za mitihani ya mdogo wangu. Nikamwambia, "Mama, sina." Na wallahi sikumdanganya, kweli sikuwa nazo. Nilikuwa nimezipanda. Usiku ule ndio niliochukua karatasi na kalamu, nikaandika hesabu hii niliyokupa, na nikaona haya mbele ya Mola wangu kabla ya kuona haya mbele ya mama.

Sasa tazama. Bodaboda na tuktuk peke yake zilikuwa shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 26 ni 5,200. Kwa mwaka ni 62,400. Na ile matatu ambayo sikuweza kuiepuka ilinigharimu 3,640 tu kwa mwezi. Maana yake ni kuwa zile safari fupi fupi, za mahali ambapo mguu wafika, ndizo zilizokuwa zikinila zaidi kuliko safari yenyewe. Hizi ni hesabu zangu za wakati ule. Wewe weka nauli za kwenu, za Likoni, za Changamwe, za Eastleigh au za Garissa, uone jibu lako.

Ndugu yangu, hili ni jambo la dini. Katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, Mwenyezi Mungu ametukataza ubadhirifu na akawafananisha wabadhirifu na ndugu wa mashetani. Na katika Suratul Furqan, aya ya 67, akawasifu waja wake ambao wakitoa mali hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali hushika njia ya kati na kati. Basi sikuiti kwenye ubahili. Nakuita kwenye hiyo njia ya kati. Na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, andika. Ramadhani ni siku 29 au 30. Chukua daftari dogo, na kila usiku baada ya tarawehe andika nauli zote za siku ile: wapi, chombo gani, shilingi ngapi. Usibadilishe chochote wiki ya kwanza, andika tu. Utaona mwenyewe panapovuja. Aliyezoea kujihisabu nafsi yake mbele ya Mola wake hatashindwa kuhisabu mfuko wake.

Pili, tumia miguu. Jina lenyewe la matatu latukumbusha kuwa nauli ilikuwa mapeni matatu, yaani senti thelathini. Wakati huo watu walikuwa wakitembea kwa sababu hata hizo senti walizionea uchungu. Leo kutoka Makupa mpaka Mwembe Tayari kijana wa miaka 20 asimamisha tuktuk! Ndugu yetu wa Likoni, wewe unajua abiria wa miguu hulipi kitu kuvuka kwa feri. Sasa mbona ukishuka ng'ambo ya kisiwani wakimbilia chombo, hali mjini ni mwendo wa nusu saa na kidogo?

Najua utasema, "Nimefunga, jua kali." Sawa, na mimi sikwambii utembee saa saba mchana. Tembea asubuhi, upepo bado wa baridi, na mchana panda chombo. Ukiokoa nusu moja tu ya safari zile fupi, kwa hesabu yangu mimi ilikuwa shilingi 2,600 kwa mwezi. Na ukienda msikitini, hapo basi usiseme kitu. Ukoo wa Banu Salima walitaka kuhama waje karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akawaambia wabaki katika majumba yao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Wewe wataka kulipa shilingi 50 ili uandikiwe nyayo chache?

Tatu, jua wakati. Nauli ya matatu zetu haina uso mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi ni bei moja, saa moja na nusu watu wakishajaa stegi ni bei nyingine, na mvua ikinyesha makanga hutaja bei anayotaka. Lakini Ramadhani imetupa zawadi ambayo hatuitumii. Sisi huamka kula daku na tukaswali Alfajiri, wengine wangali wamelala. Kwa nini urudi kitandani, uamke umechelewa, kisha utwae bodaboda kwa pupa? Toka mapema. Panda ile matatu ya kwanza ya bei nafuu, na ukifika kazini kabla ya wakati, una nusu saa ya kusoma juzuu yako.

Na jioni, ndugu yangu, ndiko kuna balaa. Kila mtu anaikimbilia Magharibi, na makanga anajua. Nauli inapanda, na sisi twalipa tu kwa kuogopa adhana itatukuta njiani. Dawa yake ni tende tatu na chupa ya maji katika mkoba. Adhana ikikukuta juu ya daraja la Nyali, sema Bismillahi ufuturu hapo hapo, na umpe na jirani yako tende moja. Sunna ya kuharakisha kufuturu umeipata, thawabu ya kumfuturisha mwenzako umeipata, na haraka ile iliyokuwa ikikulipisha mara mbili imekutoka.

Nne, uliza kabla ya kupanda. Hili ni dogo lakini lina ugomvi mwingi. Bodaboda ukishaikalia ndipo ukauliza bei, bei si yako tena. Patana ukiwa umesimama chini. Kwenye matatu, uliza nauli mlangoni, na uwe na pesa ndogo ndogo, kwani noti ya 1,000 asubuhi ndiyo huzaa ile "nitakupa chenji mbele", na mbele ukashuka umesahau. Kama walipa kwa simu, angalia pia ile ada inayokatwa. Kidogo kidogo nayo ni bandu.

Tano, punguza safari. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratu Quraysh safari mbili za watu wale, ya kusi na ya kaskazi kwa lugha yetu ya pwani, yaani ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Zilikuwa safari zenye mpango na lengo. Sisi je? Leo tunakwenda Kongowea kununua viazi, kesho twarudi kununua ndimu, kesho kutwa twarudi tulisahau tui. Fanya orodha, nenda mara moja kwa wiki. Bora zaidi, majirani watatu wapeane zamu, mmoja aende awanunulie wote, mzigo ukodiwe tuktuk moja. Kabla hujatoka kwenda kumuona mtu, mpigie simu ujue yupo. Huduma nyingi za serikali siku hizi zaombwa kwa intaneti, kwa hivyo uliza kwanza kama safari ya ofisini yahitajika. Na nguo za Idd, jamani, zinunueni mapema! Kumi la mwisho ni la itikafu na Lailatul Qadr, na sisi ndio tumejazana Marikiti kwa nauli mbili, tukinunua kwa bei ya juu.

Sita, shirikianeni. Hapa nataka unisikilize vizuri. Katika vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walikuwa kiasi cha mia tatu na kidogo, na ngamia walikuwa kama sabini. Wakapeana zamu, watu watatu kwa ngamia mmoja. Mtume (S.A.W.) alishirikiana na Ali na Abu Lubaba (R.A.). Zamu yake ya kutembea ilipofika, wale wawili walimwomba abaki juu, wao watembee kwa niaba yake. Akakataa, akawaambia kuwa wao hawakuwa na nguvu kumshinda, wala yeye hakuwa hahitaji thawabu kama wao. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, atembea mchangani ili chombo kiwatoshe watu.

Na katika hadithi nyingine iliyo katika Sahih Muslim, aliamrisha mwenye kipando cha ziada ampe asiyekuwa nacho. Wewe mwenye gari lenye viti vitano, unalitoa Bamburi kila asubuhi ukiwa peke yako, na jirani yako wa swafu moja msikitini umempita stegini amesimama. Hicho si kipando cha ziada? Mchukue. Na wewe unayechukuliwa usijifanye mgeni kila siku. Changia mafuta bila ya kungoja kuambiwa. Petroli ilipita shilingi 200 kwa lita mwezi wa Septemba 2023, Nairobi ikafika 211.64, na tangu hapo kila mwenye gari amejua maana ya kuhesabu matone. Mwenye chombo naye ajue kuwa mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, akasikilize kabla ya kujaza tangi, na apime upepo wa magurudumu, kwani gurudumu lililolegea hunywa mafuta.

Kwa tarawehe, kama msikiti uko mbali, tuktuk moja yabeba abiria watatu. Tafuteni watatu wa mtaa mmoja, patana na dereva mmoja kwa mwezi mzima, mlipe pamoja. Dereva apata kazi ya uhakika, nanyi mwapata bei ya chini. Hakuna aliyeonewa.

Saba, safari za Idd. Wengi wetu hurudi nyumbani kwa wazee. Gari moshi la Madaraka Express lilipoanza mwaka wa 2017, kiti cha kawaida baina ya Mombasa na Nairobi kilikuwa shilingi 700, baadaye kikawa 1,000, na kuanzia Januari 2024 kikapandishwa kuwa 1,500. Usitazame bei ya tikiti peke yake. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, na ya Nairobi iko Syokimau, zote mbali na mji. Hesabu kutoka mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa mama yako, kisha linganisha na basi. Pengine treni ni nafuu, pengine basi, inategemea wakaa wapi. Lakini ukiamua, kata tikiti mapema. Anayengoja mwezi uandame ndipo atafute kiti, atalipa bei ya kuandama kwa mwezi.

Sasa, ndugu yangu, nisikuache hapa, kwani kuna kubana pesa ambako si akiba bali ni madhambi au maangamizi.

Usidhulumu nauli. Kuna kijana hujificha nyuma ya matatu, makanga akipita ajifanya amelala. Mwingine arudishiwa chenji zaidi anyamaza, asema ni riziki. Hiyo si riziki, ni haki ya mja mwenzako, na jioni makanga hukatwa na tajiri wake. Utakuwa umefunga mchana kutwa, ukafuturu kwa shilingi 70 za haramu.

Usibane roho yako. Sheria za matatu za mwaka wa 2004, zile za waziri marehemu John Michuki, zililetwa kwa sababu watu walikuwa wakifa barabarani. Abiria kumi na wanne, mikanda, na kidhibiti mwendo. Wewe ukikubali kuning'inia mlangoni au kukaa watu watatu juu ya bodaboda bila kofia ili uokoe shilingi 30, umeuza kitu ambacho huwezi kukinunua tena. Na dada yetu anayetoka kazini usiku au tarawehe, asiambiwe "tembea, ni karibu." Apande chombo, tena cha dereva anayejulikana, na sisi ndugu zake ndio tutoe hiyo nauli. Kama daftari lako limekuokolea kitu, hapo ndipo pa kukitumia.

Na usikope nauli kwa riba. Hili limeenea. Tarehe 20 mfuko umekauka, kijana abonyeza simu, apata mkopo wa kwenda kazini, na kila siku ada yaongezeka. Mshahara ukiingia, wakatwa kabla hajauona. Mwezi wa pili akopa tena, mapema zaidi. Mimi nimeyapita hayo. Niliingia katika riba, dhambi kubwa ambayo Qur'ani imeitangazia vita, kwa ajili ya tuktuk ya mwendo wa dakika kumi. Hebu fikiri hilo kidogo. Tiba yake ni nyepesi: siku ya mshahara, toa kwanza nauli ya mwezi mzima ya ile matatu isiyoepukika, iweke kando, usiiguse.

Namalizia na ombi moja. Tafuta kopo nyumbani, la maziwa au la kahawa. Kila nauli utakayoiokoa Ramadhani hii, itie humo jioni ile ile, pesa taslimu. Usiseme "nimeokoa" na pesa ingali mfukoni, kwani itatoka tu kwa njia nyingine. Mwezi ukikaribia kwisha, lifungue kopo mbele ya watu wa nyumbani. Fungu moja wape wazazi wako. Fungu moja weka akiba. Fungu moja toa sadaka kwa anayetembea kwa kuwa hana, si kwa kuwa ameamua. Zakatul-fitr ni deni jingine, hiyo usiichanganye na kopo.

Mwaka ule nilioanza kutembea, kopo langu la Ramadhani ya kwanza lilitoa shilingi 2,350. Si mali ya kujengea. Lakini mama aliponiomba pesa za kitabu cha mdogo wangu baada ya Idd, niliingiza mkono mfukoni, nikampa. Hakujua zimetoka wapi. Zilitoka baina ya stegi na duka, kila asubuhi, dakika kumi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, aturuzuku halali yenye baraka hata ikiwa chache, na atufikishe salama kila tuendako na atufikishe kwake akiwa radhi nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.